Kikombe cha Uji

Ni mwaka wa 14 sasa nikihudumu kama muuguzi katika wodi ya upasuaji, na wagonjwa wangu wengi ni watu wa huku kwetu: Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi. Eastlands mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja. Saa za kujulia hali zikifika wanaingia majirani wa ploti, wenzake wa chama, watu wa jumuiya ya kanisani, na kila mmoja amebeba chupa ya chai au hotipoti. Nawapenda kwa hilo. Mgonjwa asiye na mtu namjua hata kabla ya kuuliza, maana sahani yake hurudi jikoni vile ilivyokuja.

Lakini kuna kikombe kimoja cha uji ambacho sijakisahau. Mama mmoja aliyevunjika mguu alikuwa apasuliwe saa nne asubuhi. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu usiku. Saa kumi na mbili na nusu jirani yake alipitia wodini akielekea Gikomba kufungua kibanda, akammiminia uji wa wimbi wenye maziwa. Mimi nilikuwa upande wa pili nikimfunga mtu kidonda. Nilipofika, kikombe kilikuwa kitupu.

"Ningekataaje, sista?" aliniuliza. "Ameamka saa kumi kunipikia."

Upasuaji uliahirishwa hadi wiki iliyofuata kwa sababu orodha ilikuwa imejaa. Wengi hudhani tunawanyima wagonjwa chakula kwa ukali tu. Dawa ya usingizi hulegeza koo, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hilo huua. Ndiyo maana chakula husimamishwa angalau saa 6 kabla, na uji wa maziwa ni chakula. Mgonjwa anajua, ila yule aliyelala kitandani hana nguvu ya kumkatalia mgeni aliyejitolea. Kwa hiyo nawasihi wageni: tuulizeni sisi kwanza, msimwachie yeye mzigo huo. Hata ndizi, tunda la watu wote, inaweza kumdhuru mtu ambaye figo zake zimefeli, kwa wingi wa potasiamu iliyomo.

Kisha kuna mikono. Mtu ameshika vyuma vya matatu Jogoo Road nzima, amepokea chenji kwa kondakta, halafu anaingia na kupita kitanda hadi kitanda akisalimia wodi yote kwa mkono, hata asiowajua. Ni adabu yetu, na inanigusa moyo kila mara. Hata hivyo, mkono ule unabeba vijidudu kutoka kwenye kidonda cha huyu hadi kwenye mpira wa mkojo wa yule. Salimieni kwa mdomo, wagonjwa watawaitikia. Sanitaiza isuguliwe sekunde 20 hadi 30, mpaka katikati ya vidole. Mgonjwa akiwa anaharisha, nendeni kwenye bomba kabisa, mnawe kwa sabuni na maji. Na ukiwa na kikohozi, piga simu tu, mama, utakuja ukipona.

Picha nazo. Najua kikundi cha WhatsApp kinataka kumwona mgonjwa ndipo mchango uende. Muulizeni kwanza, na mtazame nani yuko nyuma yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na yule wa kitanda cha pili huenda hajamwambia mtu yeyote kwamba amelazwa.

Corona ilipoingia nchini, Machi 2020, wageni walizuiwa. Jamaa waliacha nguo na sabuni langoni, nami nikawashikia wagonjwa simu waone watoto wao. Niliwaona wakidhoofika kwa upweke. Tangu hapo siwezi kumfukuza mgeni kwa hasira.

Yule jirani wa Gikomba alirudi siku ya pili. Alikuwa amelia, macho yake yalionyesha. Alisimama kwenye meza yetu kabla ya kuingia.

"Sista, leo anaruhusiwa nini?"

Nikamwambia anaweza kula chochote. Akanawa mikono, akavuta benchi badala ya kukaa kitandani, akafungua mfuko. Hakukuwa na chupa. Akatoa kitana, akamfumua mwenzake nywele, akaanza kumsuka matuta polepole, bila kumsemesha, mpaka mama yule akasinzia.