Mtoto wa Nchi Kavu Ashika Usukani

Ukikulia kando ya Tiva kule Kitui, au Kaiti huko Makueni, mto kwako ni mchanga wa kuchimbwa upate maji. Bahari lazima ikutishe! Basi pitia Mutomo hadi Kibwezi, ushike njia ya Mombasa mpaka Kilifi, ambako mkono wa bahari umejikinga na mawimbi.

Jifunze kwanza na nahodha. Chagua mashua yenye mkuku mrefu, ule mti wa chini utokao omo hadi tezi. Hushika njia yake hata ukiachia usukani kidogo ukaze demani, kamba ya tanga. Upepo ukiilaza, legeza demani, itainuka.

Ila ni nzito kugeuka. Ipe mwendo kwanza. Yangu ilikwama mara tatu katikati ya upepo, nami peke yangu! Ya nne iligeuka, nikarudi gatini nikiimba Kikamba.