Ubao wa Bunduki

Watu wengi hudhani kuwa mti ukiisha kukatwa, kukaushwa na kuchongwa, umekwisha kuagana na mvua na jua. Dhana hii ni kosa. Mlango uliotengenezwa kiangazi hukataa kufungika masika. Mpini wa jembe uliokaza wakati wa mvua hulegea wakati wa ukame. Dau lililokaa mchangani miezi mingi hufunguka mishono yake. Likirudishwa baharini huvuja kwanza, kisha hujifunga lenyewe. Mti mkavu hunywa unyevu uliomo hewani, na hewa ikikauka huurudisha. Katika kunywa huvimba na katika kurudisha husinyaa, tena zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa maana nyuzi zake hunenepa bila kurefuka. Mlango ukigoma, mwenye nyumba hununa. Jembe likichomoka mpini, mkulima hutukana, kisha hutafuta kabari. Walakini uko ubao mmoja ambao kuvimba kwake kwa unene wa karatasi huweza kumgharimu mtu roho yake, nao ni ule unaochukua kasiba ya bunduki.

Kakesio iko upande wa kusini-magharibi wa eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililotengwa na Serengeti mwaka 1959. Hapo nyanda za juu huanza kushuka kuelekea Maswa na bonde la Eyasi. Ni nchi ya mifugo, miiba na vumbi jembamba. Vumbi hilo ni mtoto wa majivu ya volkano, yale yale ambayo huko Laetoli, pande hizo hizo, yalitunza nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, zikaonekana mwaka 1978. Lakini ukingo wa kreta, ulio juu ya bahari kwa mita 2,300 hivi, ni nchi nyingine: asubuhi nyingi huvaa ukungu, na manyasi yake hulowesha miguu hata pasiponyesha. Askari wa wanyamapori anayelinda Kakesio na kuitwa ukingoni mara kwa mara huipitisha bunduki yake katika nchi hizi mbili, na ubao wake hunywa na kukaushwa, hunywa na kukaushwa, pasipo mtu kuuliza habari zake.

Alikuwako huko askari mmoja aliyepita miaka hamsini, mtu mkimya, ambaye wenzake vijana walimwita Mzee kwa heshima, na baadaye kwa namna isiyokuwa ya heshima sana. Mwezi wa Aprili mwaka mmoja alipewa amri ya kumwondoa nyati dume aliyejitenga na kundi, akakaa karibu na njia ya maji na kumjeruhi mchunga ng'ombe paja. Alfajiri alimpata amesimama ubavu, kichwa kikielekea kushoto, kadiri ya hatua mia na hamsini. Akaegemeza bunduki juu ya tawi, akalenga nyuma ya bega, akapiga. Nyati hakuanguka. Risasi ilikwenda kulia, ikaingia tumboni, na mnyama akatoweka kichakani. Kila mtu aliyewahi kufuata damu ya nyati ajua maana ya maneno haya. Walimfuata, yeye na kijana mmoja, mpaka saa nane mchana. Akamalizwa kwa hatua kumi, akiwa amekwisha kuinamisha pembe.

Jioni ile watu walikula nyama na kunong'ona. Macho ya Mzee yamechoka, walisema. Mkono wake watetemeka. Mkubwa wake alimwagiza aende Karatu kupimwa macho kabla ya kurudishiwa zamu ya silaha, na hapana aliyeweza kumlaumu kwa agizo hilo. Lakini mwenyewe alikuwa akihesabu mbuzi juu ya mteremko wa mbali pasipo kukosa hata mmoja, wala hakukubali kuhukumiwa kabla ya shahidi wa pili kuulizwa. Kwa idhini ya mkubwa wake aliilaza bunduki juu ya magunia ya mchanga, akaisukumiza vema ili isiyumbe, akapiga risasi tatu, akiacha kasiba ipoe baina ya risasi na risasi. Matundu matatu yalikaa pamoja, yangeweza kufunikwa kwa kiganja. Ila yote yalikuwa shibiri moja kulia kwa alama. Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya nyati. Mkono unaotetemeka hutawanya risasi. Hauzipeleki zote mahali pamoja.

Bunduki yenyewe ilikuwa na ubao wa tabaka. Mtindo huu si mgeni: Wajerumani waliutumia katika Mauser zao tangu miaka ya mwisho ya 1930, na Warusi katika bunduki zao za AKM. Ubao wa zamani ulichongwa katika gogo moja la mjozi, mti unaochelewa kukua na kuchelewa kukauka, na vita havingoji. Ubao wa tabaka hufanywa kwa mbao nyembamba kama ganda, zikapakwa gundi na kushindiliwa pamoja kwa nguvu na moto. Katika plaiwudi ya kawaida nyuzi za tabaka moja hukata nyuzi za tabaka la pili. Katika ubao wa bunduki aghalabu zote huelekea mbele, lakini kila tabaka hutoka mahali tofauti pa mti, na tabia ya moja hushikwa na tabia ya nyingine. Moja likitaka kupinda kushoto, jirani yake halimruhusu. Kwa sababu hii watu husema kuwa ubao wa tabaka haubadiliki. Hubadilika kidogo kuliko gogo; hilo tu ndilo la kweli. Gundi haikatazi mti kunywa maji. Tena pakitokea ufa baina ya tabaka mbili, maji hupata njia ndefu ya kupita kuliko ambayo yangeipata ndani ya gogo.

Askari alichukua noti ya shilingi elfu moja, akaipitisha kati ya kasiba na ubao, akaivuta kurudi nyuma. Upande wa kulia ilipita. Upande wa kushoto, karibu na ncha, ilikwama. Ubao ulikuwa umeegemea kasiba na kuisukuma kulia. Akatoa risasi na komeo la bunduki, akavifungia kabatini, akafungua parafujo, akautenga mti na chuma. Chini ya ncha, kwenye parafujo ya kushikia mkanda, aliona mstari mweusi umekwenda urefu wa kidole: tabaka mbili zilikuwa zimeachana. Umande ulikuwa ukiteremka na mkanda, ukaingia tunduni, ukalala humo. Aliitazama parafujo ile kwa muda, akanyamaza, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilianza kwa kungoja, na huko ndiko mafundi wengi huharibu. Ubao uliolowa ukipakwa vanishi huwa kama mtu aliyefungwa koti la mvua ilhali nguo za ndani zimelowa. Mzee mmoja wa boma jirani alimshauri auweke karibu na jiko. Alikataa, kwa kuwa moto hukausha ngozi ya mti na kuuacha moyo wake na maji, na mti huo hupasuka. Akautundika ghalani kwenye kivuli na upepo, na kila Jumamosi akaupeleka dukani kuupima kwenye mizani ya sukari. Ulipungua wiki nne. Wiki ya tano mizani haikusogea, na mwenye duka, aliyekuwa akicheka mwanzoni, alitangaza habari hiyo kwa wateja kama mtu atangazaye kupona kwa mgonjwa.

Ndipo akachanganya gundi ya mirija miwili, akaisukuma ndani ya ufa kwa wembe, akaubana ubao kwa kuuzungushia vipande vya mpira wa baiskeli, duara juu ya duara, mpaka gundi ikachuruzika. Akauacha siku mbili. Tundu la parafujo alilijaza kijiti na gundi. Vanishi kuukuu aliiondoa kwa kipande cha kioo, kisha kwa msasa, akifuata urefu wa nyuzi, pua na mdomo amefunga kitambaa, kwa maana vumbi la gundi si la kuvuta. Kuna aliyemwambia aoshe kwa maji ya magadi. Magadi hula mafuta upesi, lakini huudhi nyuzi za mti na kubadili rangi yake, wala maji hayakuwa kitu alichotaka kuurudishia mti ule. Msasa nao una kiasi. Tabaka ni nyembamba, na kila mahali mkono ulipozidi, tabaka la chini lilichungulia, na mistari yake ikajikunja kama mistari ya ramani ionyeshayo vilima. Ni uzuri unaomshawishi fundi kuendelea kusugua hata ubao ukonde.

Mfereji wa kasiba aliushughulikia kwa masizi. Alipaka chuma masizi, akakirudisha mahali pake, akakitoa tena; penye alama nyeusi ndipo palipogusa. Akapasugua kwa msasa uliofungwa kijitini, akarudia, mpaka noti ikapita pande zote mbili bila kusita.

Yule mzee wa boma alikuja siku ya kupaka, amechukua rungu lake la oloirien, mzeituni wa porini, leusi kwa mafuta ya kondoo na viganja vya miaka mingi.

"Mwanangu," alisema, "mti wataka mafuta. Hili nililirithi, halijapata kupasuka."

"Kweli, mzee wangu. Lakini rungu likivimba kidogo, bado ni rungu."

Mzee akalitazama rungu lake, akacheka, akaketi kumtazama.

Hoja yake haikuwa ya kudharauliwa. Mafuta hupenya, hupendeza, na mkwaruzo hutibiwa kwa kupaka tena. Wazungu nao waliyapenda mafuta ya kitani kwa bunduki zao kwa vizazi vingi, ingawa tambara lililolowa mafuta hayo na kukunjwa kishimoni huweza kujiwasha lenyewe, jambo la kuogopwa penye nyasi kavu. Lakini mvuke wa hewa hupita katika mafuta kwa urahisi. Maabara ya Mazao ya Misitu iliyoko Madison, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1910, ilijaribu mipako ya namna nyingi, ikaona kuwa mafuta ya kitani huzuia unyevu kidogo sana, na kuwa nta nene na mipako migumu ya kuchanganya huuzuia zaidi. Wala haukuonekana mpako uuzuiao kabisa daima. Kinachopatikana ni kuuchelewesha, ili mvua ya juma moja isifike moyoni.

Alitumia vanishi ngumu ya dukani. Mpako wa kwanza aliuzimua ili unyweke, akaanza mahali pasipoonekana na mtu: ndani ya mfereji, ndani ya matundu, na kwenye ncha mbili, pale nyuzi zilipokatwa na kubaki wazi kama mianzi midogo. Huko alipaka mara nne. Upande wa nje, ambao wageni husifu, alipaka mara tatu tu, akisugua kidogo kila mara. Alipaka alfajiri kabla ya upepo, sakafu ikiwa imenyunyizwa maji usiku, maana vumbi la nchi ile likitua juu ya vanishi mbichi halitoki ila kwa msasa. Halafu akatoboa tundu jipya la mkanda kwa kekee nyembamba, akalipaka ndani, akakaza parafujo taratibu.

Mvua za vuli zilipoanza, bunduki ilipelekwa ukingoni siku kumi ikarudi. Noti ilipita. Askari akapiga risasi tatu asubuhi ya baridi. Zikakaa chini ya kiganja, katika alama. Akampa bunduki yule kijana waliyefuatana naye kichakani. Zake zilikaa papo hapo.

Mkubwa alimtaka aandike sababu. Aliandika kuwa ubao ulivimba na kusukuma kasiba. Karatasi ilirudi na swali moja pembeni: ulivimba kwa nini? Aliiweka usiku mzima. Kesho yake aliandika kuwa miaka minne nyuma parafujo ya mkanda ilikatika, na kwamba yeye mwenyewe alikaza nyingine kwa kisu, bila kutoboa tundu kwanza na bila kulipaka, akalipasua tabaka. Akatia sahihi.

Kisha akaenda Karatu kupimwa macho, kwa kuwa agizo lilikuwa halijafutwa. Alirudi na miwani ya kusomea.