Folda ya Mzee

Kwetu Bujonde karatasi za nyumbani hukaa darini. Mvua za Aprili zikikaza, maji huingia ndani bila hodi, kwa hiyo mama huziweka kwenye sanduku la bati juu ya boriti: kadi za kliniki za watoto wote, stakabadhi za kakao, risiti za ada yangu tangu kidato cha kwanza. Mpangilio hakuna. Lakini ukimwomba cheti chako cha kuzaliwa, anapanda ngazi, anaingiza mkono mara moja, anashuka nacho.

Nilikuwa namcheka. Nasomea shahada ya uzamili ya mifumo ya habari, na nilipokwenda mafunzo kwa vitendo Mbeya mjini, kwenye kitengo cha TEHAMA cha ofisi fulani, nilipewa kazi ya kupanga folda iliyotumiwa na timu nzima ya watu sita. Ndani kulikuwa na RIPOTI, RIPOTI_MPYA, RIPOTI_MPYA_KABISA na RIPOTI_HII_NDIYO. (Haikuwa ndiyo.)

Nilifanya kazi wiki tatu, kwa raha. Tarehe niliziandika kwa kuanza na mwaka, mwezi, kisha siku, ili mafaili yajipange yenyewe. Niliweka folda ndani ya folda ndani ya folda, mpaka mafaili mengine yakakataa kufunguka: anwani zake zilipita herufi 260, na Windows kwa kawaida haivuki hapo. Hilo nililirekebisha kimyakimya.

Halafu kulikuwa na folda iliyoitwa YA_MZEE. Mwenyewe alishastaafu. Nikaona picha zenye giza za kurasa za daftari, zenye majina kama "ya juu" na "ile ya choo". Nikaifuta. Faili la seva ukilifuta kutoka kwenye kompyuta yako haliendi kwenye pipa la takataka, limekwenda. Nilijua hivyo. Na bakapu? Ilikuwa inasubiri bajeti.

Mwezi uliofuata radi ilipiga, ghorofa ya pili ikakosa mtandao. "Mzee aliichora yote," walisema wenzangu, wakaanza kutafuta. Zile picha ndizo zilizokuwa ramani pekee ya nyaya. Walitafuta siku mbili, wakamlaumu kijana aliyeondoka kabla yangu. Mimi nilikuwa nimekaa nao palepale, nawasaidia kutafuta.

Jioni ya pili nilitoka nje nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Nani mwenzangu?"

Nikamweleza, pamoja na kwamba niliiona ni takataka. Alinyamaza. Nilisikia kuku upande wake.

"Daftari lenyewe limeliwa na mchwa," alisema. "Wenzako umewaambia?"

"Bado."

"Waambie kwanza, ndipo unipigie."

Niliwaambia asubuhi. Hakuna aliyenijibu, mmoja tu alikwenda kuleta ngazi. Nikapanda juu ya choo, simu begani, kalamu mdomoni.

"Wa kwanza kushoto unaenda uhasibu," mzee alisema. "Wa pili usiuguse mpaka nikueleze."