Nyongo, na Subira Isiyo Mahali Pake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetuumba na kukipangia kila kiungo kazi yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Tangu utotoni, kila Idi ya kuchinja, marehemu baba alikuwa akinionya kabla sijaligusa ini la mbuzi: ondoa nyongo kwanza, tena kwa uangalifu, kwani ikipasuka ini lote litakuwa chungu. Nikakua nikidhani kwamba nyongo ni uchungu tu, kitu cha kutupwa. Mke wangu ndiye aliyenirudisha darasani.

Kwa miezi kadhaa alikuwa akishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa usiku, baada ya kula biriani au vitu vya kukaangwa. Nilimwambia ni gesi. Nikampa maji ya tangawizi, nikamsomea, nikamhimiza asubiri. Hata usiku alipotapika na kutetemeka kwa homa ndipo nilipompeleka hospitali. Picha ilionyesha vijiwe ndani ya mfuko wa nyongo. Daktari aliponiuliza maumivu yalianza lini, niliinamisha kichwa kabla ya kujibu.

Katika siku za kungoja upasuaji nilijifunza yale ambayo sikuyapata madrasa. Kolesteroli, ambayo tumezoea kuitaja kwa hofu, sehemu yake kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, nao hauwezi kuishi bila hiyo. Lakini haiyeyuki katika maji, na mwili hauna uwezo wa kuivunjavunja kabisa. Basi itatokaje ikizidi? Njia kuu ni ini. Humo vimeng'enya huibadilisha hatua kwa hatua mpaka iwe asidi za nyongo, kisha huunganishwa na glisini au taurini. Kitu kilichokataa maji sasa kina upande unaoshika maji na upande unaoshika mafuta, mfano wa sabuni. Tulapo samli au nazi, mfuko wa nyongo hujikamua, na asidi hizo huyatawanya mafuta ili tumbo liweze kuyasaga.

Wala mwili haufanyi israfu. Karibu asilimia 95 ya asidi hizo hunyonywa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini, zitumike tena mara kadhaa kwa siku. Kidogo kinachopotea chooni, kama nusu gramu kwa siku, ini hukifidia kwa kutengeneza nyingine kutokana na kolesteroli. Hapa ndipo ilipo faida ya kunde, maharagwe na shayiri: nyuzinyuzi zake hushika asidi za nyongo na kutoka nazo, na ini hulazimika kuchota kolesteroli zaidi kutoka katika damu.

Vijiwe vingi huanza pale kolesteroli iliyomo ndani ya nyongo inapozidi kiasi kinachoweza kuyeyushwa. Huganda chembe chembe, hasa mfuko unapokuwa mzito kujikamua. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na ujauzito huongeza hatari, kwa sababu homoni zake huzidisha kolesteroli katika nyongo na kuulegeza mfuko. Unene huchangia, na kukonda kwa ghafla pia. Kina mama wanaojinyima chakula ili wapungue upesi kabla ya harusi, walizingatie hili.

Mke wangu alipasuliwa, mfuko ukaondolewa, na sasa nyongo yake hutiririka moja kwa moja hadi utumboni. Anakula vizuri, alhamdulillahi. Siku moja nilimwomba msamaha. Akaniambia: "Maalim, subira nilikuwa nayo. Nilichokosa ni mtu wa kunipeleka hospitali."

Enyi waume wenzangu, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujitibu. Kusoma dua na kwenda kwa daktari havigombani. Nanyi dada zangu, msiyafiche maumivu ya upande wa kulia yanayorudi baada ya mlo wa mafuta. Yakifuatana na homa, macho kuwa manjano au mkojo kuwa mweusi, msingoje asubuhi. Subira ni ibada, lakini si ruhusa ya mume kulala huku mkewe akigugumia kwa maumivu ubavuni pake.

Mwenyezi Mungu atusamehe na awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.