Igalula: Sura ya Nani Kiunoni kwa Mkeo?

Swali la mwezi huu ni la wanandoa. Mwenzi wako akijifunga kanga yenye picha ya mwanaume mwingine, utanuna au utacheka?

Usikimbilie kujibu. Twende kwanza Igalula, wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora kwenye reli ya kati. Si mahali pa hoteli za nyota tano. Kuna miombo, kuna asali, kuna tumbaku, na siku ya mnada kuna nguo zilizotundikwa kwenye kamba mpaka macho yanachoka. Asubuhi wanasalimiana "Mwangaluka". Itikia vivyo hivyo, huenda ukapunguziwa bei.

Kwenye kamba hizo niliwakuta vijana wawili, mke na mume, wanabishana kwa sauti ya chini. Dada ameshika doti ya kanga: katikati picha ya mwanasiasa anatabasamu, pembeni mwenge na ramani ya nchi, chini maneno ya pongezi. "Sasa na mimi utaniweka wapi?" mume akauliza. Muuzaji, mama mtu mzima, akadakia: "Baba, huyu atafuliwa aanikwe juani. Wewe unabaki ndani." Tulicheka wote, mume naye.

Picha hiyo huchapwa kwa skrini, yaani wavu mwembamba uliozibwa kila mahali isipokuwa pale rangi inapotakiwa kupita. Kila rangi ina wavu wake. Mchoro wa korosho ni kazi ndogo, rangi inajaa tu. Picha ya kamera ndiyo mtihani: lazima ivunjwe iwe nukta, ndogo penye mwanga, kubwa penye kivuli. Ndiyo maana ukisogeza macho karibu unaona vipele vya wino, lakini ukirudi hatua tatu, mtu anakutazama. Na wavu mmoja ukiteleza kidogo, mheshimiwa anapata midomo miwili!

Huku Unyamwezini nguo iliwahi kuwa pesa. Karne ya 19, misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba marobota ya kaniki na ya merikani, ile pamba ya Marekani isiyotiwa rangi. Mikono minne ilikuwa shuka, minane ikawa doti. Kwa doti ulilipa hongo, kwa doti ulinunua chakula. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, misafara ikafa, neno likabaki: jozi ya kanga mpaka leo ni doti. Halafu Barack Obama aliposhinda urais mwaka 2008, akachapwa kwenye kanga, sura yake, hongera zake, na jina "Upendo na amani ametujalia Mungu". Merikani imerudi, safari hii ina uso.

Turudi kwa yule mume. Nadhani wivu wake ulikuwa wa haki, ila aliuelekeza pabaya. Kanga ya kawaida ina pindo, mji na jina, na jina analichagua mwanamke. Anajua anamwambia nani: jirani, wifi, wewe mwenyewe uliyechelewa kurudi. Hahitaji kufungua mdomo. Kanga ya picha mara nyingi inamfikia bure wakati wa kampeni, maneno yameshachaguliwa na watu wengine, yeye anatoa mgongo tu. Hapo ningenuna hata mimi, tena si kwa sababu ya ile sura.

Yule mama hakukubaliana nami. Kwake nguo ni nguo, ikishavaliwa ni ya mvaaji. Ana kanga ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, haivai sokoni. Imewapokea wajukuu wote siku walipozaliwa. Akanionyesha na namna ya kujifunga: sura ije ubavuni au mbele, kwa maana ikienda nyuma utamkalia mkubwa wa watu.

Kwa hiyo ukimnunulia mama mkwe, soma jina kabla hujauliza bei, msome na huyo aliyechapwa. Doti huuzwa ikiwa haijakatwa. Fundi cherehani yuko palepale mnadani, atakutenganishia na kukunja ncha wakati unamalizia chai.