Nyumba za Wenye Nguvu

Kambini hakukuwa na wazee. Utotoni sikuliona hilo kuwa jambo geni. Bibi na babu walikuwa watu wa kutembelewa Desemba, huko tulikokuita nyumbani, tukishuka kwenye basi na sukari, mkate na blanketi jipya. Kambini, ndani ya shamba kubwa la chai la Kericho, waliishi watu wenye nguvu: wachumaji, wapogoaji, watu wa kiwandani, nyapara, na watoto wao wengi wasiohesabika.

Baba alikuwa dresa wa dispensari ya kambi. Watu walimwita Daktari, naye hakujisumbua kuwarekebisha. Dispensari ilikuwa jengo dogo la mawe lenye baraza, karibu sana na laini ya kwanza ya nyumba, na kabla jua halijachomoza foleni ilikuwa imekwisha kujipanga. Walikuja waliojikata kwa visu vya kupogolea, watoto wenye kikohozi cha baridi ya asubuhi, akina mama wajawazito. Miaka ya tisini malaria ilipanda hadi kwenye vilima vyetu ambavyo wazee walisema havina mbu, na Baba akawa anarudi nyumbani usiku na harufu ya dawa nguoni. Aliyezidiwa alichukuliwa na gari la kampuni hadi hospitali ya kampuni. Maji yalitoka bombani mbele ya nyumba. Kuni za mkaratusi ziligawiwa. Shule ilikuwa hapo, kanisa hapo, na sosho, yaani ukumbi wa burudani, yenye televisheni ambapo siku ya mechi hata mlango ulikosa nafasi ya kufungwa.

Nikisoma leo habari za vijiji vya wastaafu vya Uingereza au Afrika Kusini, mahali mzee anaponunua nyumba ndogo akijua muuguzi yuko umbali wa kengele, naona mambo ninayoyafahamu tangu utotoni. Nyumba zilizopangana, maji, zahanati ndani ya uzio, jirani wa kukugongea ukichelewa kuamka. Tulikuwa navyo vyote. Ila sisi tulivipata tukiwa vijana, tukanyang'anywa siku tulipoanza kuvihitaji.

Maana nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Jirani yetu mmoja, mzee kutoka Nyamira, aliingia shambani akiwa kijana asiye na ndevu, akachuma chai hadi mgongo ukakataa kunyooka, wakamhamishia kiwandani kwenye chumba cha kunyausha majani. Siku yake ilipofika alipewa barua, akafanyiwa chai na mandazi pale sosho, akapakiwa kwenye lori pamoja na kitanda, makochi, kuku na kabati ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Sisi watoto tulikimbia nyuma ya lori tukishangilia kama ni harusi. Mkewe alikuwa mgonjwa wa presha, na kwa miaka Baba ndiye aliyempima na kumpa vidonge. Mwaka uliofuata Baba alipita kwao. Akamkuta mama yule anapanda kutoka mtoni na mtungi, vidonge vilikwisha siku nyingi, na kituo cha afya kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu yake.

Baba hakusimulia zaidi ya hapo. Lakini tangu safari hiyo alianza kununua miche ya chai na kuipeleka nyumbani, Bomet, kila likizo.

Kuna jambo la historia ya ardhi ile ambalo nililijua nikiwa mtu mzima, na likanichekesha vibaya. Mashamba yale ya Kericho hayakuanza na chai. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitwaa takriban ekari 25,000 za Wakipsigis ikawapa maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemaa vitani. Mpango huo uliitwa BEADOC. Watu waliopoteza mkono, mguu au afya yao wangeishi jirani, wasaidiane, walime kitani na kumaliza maisha yao katika hewa safi. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafilisika ndani ya miaka michache, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikaishia kwa kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay. Kwa hiyo wazo la kwanza la wageni kuhusu vilima vile lilikuwa makazi ya watu wasiojiweza. Wenyeji waliohamishwa ili kuwapisha nao walikuwa na wazee wao, ila hao hakuna aliyewachorea ramani.

Baba alistaafu mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulihamia upande wa Silibwet, nje kidogo ya mji wa Bomet, kwenye kipande cha ardhi alichorithi. Bahati yetu ilikuwa Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1937 kama zahanati na sasa inapasua hata mioyo. Wengi waliostaafu pamoja naye hawakuwa na Tenwek yao. Fedha za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, zilikuja kwa mkupuo, na zilikuwa kidogo. Kwa miaka mingi mchango wa mfanyakazi na wa mwajiri kwa mwezi ulikuwa mdogo mno, na hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Wengine walijenga nyumba ya mabati, fedha zikaisha kabla ya dirisha.

Kilichomlea Baba uzeeni ni ile miche. Mkulima mdogo anayeuza majani yake kwa kiwanda cha KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha bonasi huja Oktoba, baada ya mwaka wa chai kwisha. Mzee hahitaji kuchuma mwenyewe. Anaajiri mchumaji, anakaa kivulini na daftari, anabishana juu ya uzito. Nimeona wazee waliochumia kampuni miaka yote wakiwa maskini, na nimeona mwenye ekari moja ya chai yake akiheshimiwa na wakwe. Nimeona pia bonasi ikivunja nyumba, maana Oktoba ndiyo huwakumbusha watoto wa Nairobi kwamba wana baba. Kwetu kitindamimba ndiye hubaki na wazazi na kurithi boma la mama, naye ndugu yangu mdogo amebaki kweli. Lakini kubaki siku hizi ni kulala pale tu. Mchana yuko kwenye bodaboda. Mkewe ni mwalimu. Mama, aliyezidi miaka themanini, anashinda na msichana wa ukoo anayelipwa mwisho wa mwezi, na msichana huyo naye anatafuta nafasi ya chuo.

Serikali imekuja kwa mwendo wake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 57, inasema mzee aishi kwa heshima na apate matunzo ya familia yake na ya Dola. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa kwa waliofikisha miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi, zikija zinapokuja. Mama huzipokea kwa dharau ya kujionyesha kisha anazihesabu mara mbili.

Juzi juzi nilipita kambi yetu. Mashine za kuchuma, zilizoanza kuingia miaka ya 2000, zimefanya kazi yake. Chama cha wafanyakazi kiligoma kwa sababu ya mashine hizo mwaka 2010, na Mei 2023 vijana wakachoma moto baadhi yake, lakini zimebaki. Mashamba yenyewe hivi karibuni yaliingia mikononi mwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Kambini kwetu laini nzima za nyumba zilikuwa kimya, milango imepigiliwa misumari. Bomba lilikuwa bado linatoa maji, nililifungua nikahakikisha. Nikasimama pale nikipanga mambo kichwani: huku vyumba vya wazee, huku chumba cha muuguzi, pale sosho jiko la pamoja. Nilipofika Silibwet nilimweleza Mama wazo langu lote kwa furaha.

Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na mtoto wa kumtuma moto yuko wapi?"

Nikasema kutakuwa na wahudumu.

"Mhudumu humtumi. Humgombezi. Nikae na wazee watupu, sote tunasikia vibaya, nani atamwambia mwenzake habari?" Alishawahi kuona kwenye runinga Nyumba ya Wazee ya masista kule Kasarani, na akakiri kwamba ni safi na wale watawa wana moyo. Ila kwake pale ni pa mtu aliyekosa watu. Kisha, baada ya kimya kidogo, akaongeza kitu ambacho mimi ndicho nilichokishika: "Dispensari ya baba yako, hiyo ningeitaka. Hapo kwenye ule mwembe wa jirani, karibu hivyo."

Hataki kuhamia palipo na matunzo. Anataka matunzo yahamie alipo. Na nadhani wazee wengi wa vilima hivi wangejibu hivyo hivyo, hata wale waliolilia kambi siku ya lori.

Jambo la karibu na hilo limeanza kwetu, tena mahali nisipopategemea. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii, takriban 100,000 nchi nzima, mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Wa kijiji chetu ni mama mmoja mwerevu aliyechoka kupanda vilima kumtafuta kila mzee bomani kwake. Akaamua kukaa kwenye kituo cha majani siku za kupima chai. Gari la kiwanda huchelewa kila mara, watu wanasubiri na magunia yao, naye anatandika leso mezani na kuwapima. Wazee waliokuwa wakimtuma mjukuu na majani sasa wanakuja wenyewe. Mmoja alitaka karani aandike presha yake kwenye risiti kando ya kilo.

Wanaobaki nyuma ni wasioweza kutembea, Mama akiwa mmoja wao tangu nyonga ilipomsumbua. Kamati ya kituo imeandika majina yao, na katika mkutano uliopita ndugu yangu alipendekeza bodaboda wawili wampeleke mhudumu kwao, mafuta yalipwe kwa kukata senti kidogo kwenye kila kilo. Pakazuka kelele. Bonasi ina kato la mbolea, kato la mkopo, kato la hiki na kile, wakasema, na sasa kato la wazee? Mwenyekiti aliahirisha. Mama, aliposimuliwa, aliuliza ni nani hasa aliyepinga, akataka majina ya baba zao.