Karanga zisiishie zote gulioni

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, ni nchi ya migomba, maharage na kahawa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Kagera watoto 34 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wastani wa taifa ni 30.

Udumavu una sababu nyingi, maradhi yakiwemo. Lakini sahani nayo ina lake. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa ndizi tupu anashiba, ila mwili unakosa cha kujengea. Mara nyingi kilichokosekana kimo humo humo ndani, kwenye gunia la karanga. Robo ya uzito wa karanga ni protini, na karibu nusu ni mafuta. Kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa laini hubadilisha uji au ndizi zilizopondwa za mtoto aliyetimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya. Aanze na kidogo, mzazi amwangalie kama zinamdhuru. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinaweza kumpalia.

Shida ni kwamba gunia likijaa, pikipiki huja, na karanga zote huenda gulioni. Fedha inahitajika, hakuna anayebisha: sare, madaftari, sabuni. Lakini baba na mama wakikubaliana kabla ya kuuza kwamba debe moja ni la watoto, hakuna atakayeonekana mchoyo siku ya soko.

Debe hilo litunzwe. Karanga zianikwe kwenye turubai, si juu ya udongo, zikauke kabisa, kisha zihifadhiwe pakavu. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupwe, wala zisipelekwe kwenye kinu "zisipotee bure". Sumukuvu haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 sumu hiyo, ikiwa kwenye mahindi, iliua watu 20 Dodoma na Manyara.

Msimu wa maembe na mananasi nao usipite hivi hivi. Yakikatwa vipande vyembamba na kukaushwa juani chini ya chandarua safi, mwanafunzi anapata cha kubeba badala ya biskuti. Yasizidi, kwani sukari yake ni nyingi na hunata kwenye meno. Tunda bichi bado lina nafasi yake.

Kagera mgeni wa heshima hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, tunda lililokaushwa na kuwekwa tayari kabla hajabisha hodi. Mtoto wa nyumbani naye anastahili kuwekewa cha kwake mapema.